Maji ya Hoteli ya Nanga Tulivu

Maisa binti Khalil amezaliwa Temeke, nyuma ya duka la vyombo la baba yake, na mpaka leo anaishi hapo hapo. Amesomea afya ya mazingira. Kazi yake ni kukagua mahali watu wanapokula, na mitaani wanamwita Bwana Afya, ingawa ni mwanamke na anavaa baibui, kwa sababu jina hilo ni la zamani na hakuna aliyejisumbua kulitafutia la kike. Mama yake, Bi Jokha, alitamani awe muuguzi. "Umekwenda chuo kusomea kuchungulia masufuria ya watu," humwambia, "na ya hapa nyumbani yanakushinda kuosha."

Maisa hucheka. Anaipenda kazi yake. Chuoni alifundishwa kwamba tumbo la mbeba mizigo na tumbo la mkurugenzi ni matumbo tu, yote yanaumwa, yote yanastahili kulindwa. Alilisikia hilo darasani akaliamini, na ugomvi wote ninaousimulia ulianzia hapo.

Mvua za masika zilipokolea, wabeba mizigo wa yadi za makontena kule Kurasini walianza kuharisha. Malalamiko yakafika ofisini kwa kina Maisa, na ofisi ikafanya kama inavyofanya siku zote: ikaenda kwa mama lishe.

Aliyepatikana ni Rosalia, ambaye wateja wake humwita Mama Lusungu. Alikuwa akipika wali na maharage chini ya turubai, hatua chache kutoka geti la Hoteli ya Nanga Tulivu. Maji ya kwenye ndoo yake yalichukuliwa, yakapimwa, yakakutwa na vimelea vya kinyesi. Maisa na mkuu wake wa kazi, Mzee Apolinari, wakarudi kumfungia.

Mzee Apolinari ni mtu mpole wa kutoka Bukoba, anayekaribia kustaafu, na hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Kwa upole huo huo aliamuru chakula kimwagwe. Wali wa moto ulikwenda mtaroni mbele ya watu waliokuwa wameshika sahani mkononi.

"Shikamoo mzee wangu, lakini nisikilize," alisema Mama Lusungu. "Hayo maji mie siyachoti mtaroni. Nayanunua hapo getini, kwenye bomba la hoteli. Nendeni mkayapime na yao."

"Mama, kila ninayemfungia ananionyesha jirani yake."

"Sasa kama jirani ndiye mwenye bomba, nikuonyeshe nani?"

Watu wakacheka. Maisa alikuwa amesimama na kalamu mkononi. Alisikia kila neno, akanyamaza, akabandika karatasi ya kufungia kwenye nguzo ya turubai.

Lakini maneno yale hayakumtoka. Kesho yake alimwomba mkuu wake wakaikague hoteli, na kwa mshangao wa Maisa, Mzee Apolinari akakubali bila ubishi. Kisha akachukua simu akampigia meneja kumweleza siku watakayofika.

"Mzee, si watajiandaa?" aliuliza Maisa.

"Ni ustaarabu tu, binti. Mtu ana hoteli, ana wageni, huwezi kumvamia."

Mama Lusungu naye alikuwa na wageni. Walikuwa wameshika sahani. Hakuna aliyempigia simu. Kwa nini ustaarabu wetu uanzie kwenye ukuta wa marumaru na kuishia kwenye turubai?

Siku ya ukaguzi ilipofika, Nanga Tulivu ilikuwa inanukia dawa ya sakafu mpaka barabarani. Wahudumu walikuwa wamevalishwa makoti meupe mapya, bado yana mikunjo ya kwenye mfuko wa dukani. Meneja wao, kijana mmoja nadhifu aitwaye Fakihi, aliwapokea wakaguzi mlangoni na kuwapeleka moja kwa moja kwenye meza iliyotandikwa kitambaa. Palikuwa na pilau ya kuku, bakuli la kachumbari, maji ya chupa, na jagi la juisi ya ukwaju lililojaa barafu.

Huo ndio utaratibu. Haukuandikwa popote, lakini kila mkaguzi anaujua: kwenye hoteli kubwa unakula kwanza, unakagua baadaye, na kukataa chakula cha mwenyeji ni kumvunjia heshima. Mtu aliyeshiba pilau ya watu huingia jikoni kwao kama mgeni. Anasifia vigae, anaangalia kucha za wapishi, anaaga.

Mzee Apolinari alinawa, akaketi. Maisa akabaki amesimama.

"Dada Maisa, vipi, umefunga?" aliuliza Fakihi.

"Sijafunga. Naanzia jikoni."

"Jikoni hakukimbii."

"Na pilau haikimbii," alisema Maisa, akaenda.

Jikoni alimkuta mpishi mmoja, Nusaiba, akiosha nyanya na vitunguu vya kachumbari nyingine. Bomba lilikuwa wazi, maji yakipita juu ya nyanya zilizokwishakatwa.

"Haya maji yanatoka wapi, mdogo wangu?"

"Kisimani, hapo nyuma."

"Na ya bomba la getini wanayouziwa watu?"

"Tangi ni moja, dada. Bomba moja linakuja huku, jingine linakwenda getini."

Maisa alitoka nje kwa mlango wa uani akakitazama hicho kisima. Kilikuwa pembeni ya chemba ya choo, karibu mno, hata mtoto wa shule angeona kosa. Mfuniko wa chemba ulikuwa umepasuka na maji ya mvua yalikuwa yametuama pale, meusi, yakizunguka mdomo wa kisima. Alirudi ndani.

"Nyie wenyewe mnayanywa?"

Nusaiba alipunguza sauti. "Sie tulishakatazwa. Bosi alisema yanasumbua tumbo, tunywe ya chupa. Haya ni ya kuoshea, na barafu."

"Barafu ya juisi?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

Kwa hiyo walijua. Walijua, wakajikinga wao, kisha wakafungua bomba getini wakawauzia maskini. Maisa aliwahi kukutana na uchafu wa kutojua, na wenye uchafu huo huwafundisha kwa subira. Huu haukuwa huo.

Aliporudi mezani, Mzee Apolinari alikuwa anamalizia glasi ya pili.

"Mzee, barafu hiyo imetengenezwa kwa maji ya kisima chao. Kachumbari imeoshwa kwa maji hayo hayo. Ni maji ya ndoo ya Mama Lusungu."

Mzee Apolinari aliishusha glasi polepole, akaiangalia kama mtu anayeangalia barua iliyoandikwa jina lake. Fakihi akawahi kusema mtambo wa kuchujia umeshaagizwa, uko njiani.

"Umeagizwa kabla au baada ya kuwakataza wapishi wako wasiyanywe?" aliuliza Maisa.

Fakihi alitabasamu kwa mdomo tu. Mzee Apolinari akamshika Maisa mkono, akamtoa hadi barazani.

"Binti, usiharibu. Tumfungulie yule mama, arudi kwenye biashara yake. Hawa tuwape muda warekebishe. Yaishe."

Ng'ambo ya geti Mama Lusungu alionekana, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, hana anachopika. Kwa nukta moja Maisa alitamani kusema ndiyo. Neno moja tu, na kesho yake sufuria ya maharage ingekuwa jikoni tena. Halafu akafikiria hayo maharage yangechemshwa kwa maji gani, na wale wabeba mizigo wangekunywa nini baada ya kula.

"Tutakuwa tumemfungulia awagonjweshe watu, mzee."

"Ukisaini peke yako, utabeba peke yako. Mwenye hoteli hii ana watu huko juu."

"Nitabeba."

Aliandika karatasi akiwa amesimama, akaisaini, akafunga jiko la Nanga Tulivu na bomba la getini. Madereva wa malori waliokuwa wakila ndani walitoka wakinung'unika. "Sista, hata mfupa sijaufikia," mmoja alimwambia. Fakihi alikuwa kwenye simu, akimtazama Maisa huku akilitaja jina lake lote.

Mama Lusungu aliinuka alipomwona anakuja.

"Haya, Bwana Afya. Na mie unanifungulia?"

"Bado, mama. Maji yako ndiyo haya haya. Ukipata ya boza, ya gari la maji, nikayapima yakawa salama, nakufungulia siku hiyo hiyo."

Mama Lusungu alishusha sauti. "Nilikwambia siku ile. Ulikuwa umesimama pale na kalamu yako. Ungewaanza hawa, tungejua mapema tatizo ni bomba, si ndoo yangu. Mwanangu kayanywa haya maji wiki nzima baada ya nyie kuondoka."

Maisa alikuja na hasira yake dhidi ya hoteli, na sasa ilimbidi aigawe, kipande kimoja akibaki nacho mwenyewe. "Nisamehe, mama."

"Nisamehe nitaipikia nini?" Mama Lusungu alijifunga khanga kiunoni. "Twende. Wanaochota hapa mie nawajua mmoja mmoja, wewe huwajui."

Wakafuata ukuta wa yadi, Mama Lusungu mbele. Kwenye kibanda cha kwanza mwanamke aliyekuwa akikaanga samaki alipoona kitambulisho cha Maisa alianza kuficha vyombo haraka haraka.

"Acha kuficha samaki," Mama Lusungu alimwambia. "Hana shida nao. Mwaga hayo maji ya kwenye ndoo, halafu kaa nikueleze yametoka wapi."