Kioo cha Benchi Zima

Hebu mwone kwanza akija, siku zile. Saa moja unusu asubuhi, Kambu, barabara ya Mombasa bado ina ubaridi. Mama mmoja mfupi, mnene kiasi, anatazama kulia, kushoto, kisha kulia tena, kwa maana malori ya hapa hayana adabu. Mgongoni amefunga kitu kwa leso. Dereva mgeni akimwona hupunguza mwendo, akidhani ni mtoto. Si mtoto. Ni taipureta.

Huyo ndiye Bilha Gathoni, au Mama Nyawira, kama tunavyomwita. Alitoka upande wa Nyeri akiwa bibi harusi, mwaka wa 1971, na tangu hapo amekaa kwenye veranda ya duka moja akipiga barua. Ya kuomba kazi, ya kuhamisha ng'ombe, ya kualika watu harambee, zote zimepita vidoleni mwake.

Na alikuwa na desturi yake. Aliweka benchi ndefu, yeye anakaa katikati, mteja anakaa ubavuni. Unasema, naye anapiga, huku unaona maneno yako yakipanda kwenye karatasi. Hata asiyejua kusoma alikagua. "Mbona mstari huu mfupi, na mimi nimesema mengi?" Basi Bilha anasimama, anamsomea akionyesha kwa kalamu, neno kwa neno. Karatasi haikutoka mashineni kabla mwenyewe hajaridhika. Ndiyo maana walimwamini.

Lakini kufikia mwaka wa 1998 utepe wa taipureta ulikuwa haupatikani tena, hata ukienda mpaka Machakos. Ng'ambo ya barabara kijana mmoja alikuwa amefungua ofisi ya kompyuta, na wateja waliona mgongo wa mashine tu. Walikuwa wakitoka na barua nzuri, safi, wakifika nje wanaulizana: "Kumbe nilisema hivi?"

Bilha akaamua kununua laptopu. Akiba yake ilitosha moja, basi. Kinuthia, mtoto wa kaka yake anayeuza mashine zilizotumika kule Nairobi, akaja Jumamosi na tatu ndani ya begi, na printa kuukuu ya zawadi, na jioni alikuwa anarudi.

"Tata, chagua," akasema, akizipanga mezani. Tata, kwa lugha ya kwao, ni shangazi.

"Kuchagua ni rahisi. Kukosea ndiko naogopa," Bilha akasema. "Nikichukua mbaya nitabaki mimi na mashine, na benchi tupu."

Benchi yenyewe haikuwa tupu asubuhi hiyo. Mkono wa kushoto alikaa Muthoki, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaosuka viondo. Mkono wa kulia alikaa Billow, mfanyabiashara wa mifugo, amekuja kuandika barua ya kumwalika shemeji yake aliye Garissa kwa harusi ya binti yake, Anab.

"Chukua ile kubwa, Mama Nyawira," Billow akasema hata kabla ya kuulizwa. "Sokoni mtu haulizi. Anatazama mwili."

"Hiyo ni ya mbuzi," Muthoki akamkata. "Hapa hatuchinji."

Muthoki akatoa kamba ya katani kwenye kiondo chake akaanza kupima vioo vya laptopu zile, jinsi anavyopima mdomo wa kiondo. Cha kwanza kilikuwa kipana na kifupi, mfano wa dirisha la basi. Bilha akapiga mistari minane ya barua ya Billow, na ile "Kwa shemeji mpendwa" ikapanda juu ikapotea.

"Shemeji ameenda wapi?" Billow akauliza.

"Yuko juu, mzee, hajaenda mbali," Kinuthia akasema.

"Barua haijafika katikati na mgeni ameshaondoka!"

Muthoki akakunja kamba. "Mdomo mpana, kimo hakuna. Kiondo cha namna hii kinamwaga mahindi njiani. Toa."

Ikaja ile kubwa, inchi kumi na mbili, karibu mraba. Aa, hiyo ilikuwa nzuri! Nusu ya barua ilionekana kwa mara moja, herufi nene, na Bilha, ambaye macho yalikuwa yameanza kumchezea, akatabasamu mpaka pengo lake likaonekana. Kinuthia akaanza kurudisha zingine kwenye begi.

"Ngoja," Billow akasema. "Mama Nyawira, umeniibia maneno."

"Maneno gani?"

"Yangu! Mimi naona kiza tupu."

"Hata huku," Muthoki akasema kutoka upande wake. "Kama maji ya bwawa."

Kinuthia akakuna kichwa. Vioo vingi vya siku zile vilikuwa hivyo, vinamfungukia aliyekaa mbele peke yake, na wa pembeni anaona weusi. Billow akasogea. Muthoki akasogea. Vichwa vitatu vikabanana mbele ya kioo, kofia ya Billow ikaingia kwenye kitambaa cha Muthoki.

"Mzee Billow, mkeo Falis akipita hapa nitamwambia nini?" Muthoki akauliza.

"Mwambie namwalika shemeji, wallahi!"

Wakacheka mpaka benchi ikalia. Bilha tu ndiye hakucheka sana. Aliitazama ile kubwa kama mtu anayetazama nguo nzuri isiyomtosha. Kisha akasema, "Lete ile ndogo."

Inchi kumi. Imechakaa pembeni, herufi zake kama chawa. Bilha akapiga barua yote upya. Billow, mwisho wa benchi, akanyoosha kidole. "Pale pameandikwa Anab."

"Na pale harusi," Muthoki akasema kutoka mwisho wa pili. Tena Muthoki alijifunza kusoma ukubwani, neno lolote akilisoma analisema kwa sauti.

"Lakini Tata, wewe mwenyewe unaona?" Kinuthia akauliza. "Hii itakuchosha. Nikikuza herufi, mistari inabaki michache."

Bilha akaweka mikono yake juu ya vibonye, akafumba macho, akapiga mstari mzima. Wakausoma wale wawili kutoka kando: *Karibuni nyote, mbuzi wapo wa kutosha.* Hakuna herufi iliyokosewa.

"Vidole vyangu vimeona kwa miaka ishirini na saba," akasema. "Kioo si changu, ni cha benchi. Nifungie hiyo."

Billow alinung'unika kwamba Bilha amenunua mtoto akamwacha mama, lakini barua yake alitoka nayo ameibusu.

Basi benchi ikajaa kuliko zamani. Tatizo lilikuwa moja tu: sasa kila mtu aliona barua ya kila mtu. Wiki iliyofuata Nzioka, fundi wa mawe, mwanamume wa miaka arobaini anayeogopa wanawake kuliko nyoka, alikuja kumwandikia mwalimu mmoja wa kike kule Zombe. Alisema maneno sita tu. Muthoki akayasoma kwa sauti. Akaongeza lake. Mama wa mboga akaongeza lake. Billow, aliyekuwa amesimama tu akisubiri lori, akasema lazima kuwe na mbuzi humo ndani, barua ya mapenzi isiyo na mbuzi ni hewa. Bilha akamtazama Nzioka. Nzioka, jasho likimtoka, akakubali kwa kichwa. Ikapigwa ukurasa mzima, akaridhika, akaituma.

Jibu lilikuja baada ya siku kumi. Mwalimu amekubali Nzioka aje wazungumze, tena amefurahi sana. Anauliza neno moja tu: ile sehemu iliyomfanya acheke peke yake darasani, ya mbuzi anayemzidi yeye uzuri kwa masikio tu, ni Nzioka mwenyewe aliyeitunga?

Nzioka yuko kwenye benchi sasa hivi, barua mkononi, na wote wanamtazama, na Bilha vidole viko tayari. Wewe uliyekaa mwisho huko, kioo unakiona vizuri. Amjibu nini?