Badru na Injini ya Silinda Sita

Kuna wanaosimulia habari hii wakisema fundi ndiye aliyemponza Badru. Waongo. Fundi hakumponza mtu. Badru Feruzi alijiponza mwenyewe, mchana kweupe, akiwa na akili zake timamu, na sababu yake ilikuwa haya, yaani aibu.

Mwaka huo wa 1934 pikapu yake ilikufa injini. Pikapu hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na mkewe Saumu: siku tano kwa juma ilikwenda Asembo Bay, ufukoni mwa ziwa, ikivuta trela, ikarudi Kisumu na samaki wakavu. Kazi ya halali kabisa. Lakini Badru, sijui nani alimtia maneno kichwani, aliionea aibu. Alipoingia mjini alipita njia za nyuma, akashusha mzigo, akaoga, akavaa kanzu, ndipo akajitokeza barazani akijiita mwenye gari la abiria. Na Kisumu yenyewe ya siku hizo ungeimaliza kwa miguu chai yako ikiwa bado ya moto. Alidhani anamficha nani?

Fundi Gurcharan, Singasinga mmoja mpole mwenye gereji nyuma ya soko, alikuwa na injini mbili kuukuu. Alimwita Badru aje achague.

"Hii ya silinda nne imetoka kwenye lori la miwa," alisema. "Haina mbio na ina kelele, lakini inavuta polepole na haichoki. Hii ya silinda sita imetoka kwenye gari la bwana mmoja wa serikali. Laini sana. Lakini nguvu inaipata ikishazunguka kasi. Ukiipa mzigo mzito mlimani, inakata pumzi. Sasa niambie, Bwana Badru, kwa juma unavuta trela siku ngapi?"

Swali jepesi, mtoto angelijibu. Siku tano. Lakini pale kwenye benchi walikuwa wameketi watu wakingoja magari yao, na mmoja wao alikuwa Mzee Hemedi wa msikitini, ambaye Badru alimheshimu kama baba yake.

"Trela?" Badru akacheka kidogo. "Labda mara moja kwa mwezi. Mimi hasa napakia abiria."

Fundi akamtazama. "Una hakika?"

"Fundi, kwani mimi ni mchuuzi wa samaki?"

"Basi chukua sita. Kwa abiria ni nzuri."

Mjini ilikuwa raha tupu. Pikapu ilipita barabara ya stesheni bila hata kukohoa, na watu wakageuka kuitazama. Njia ya Asembo ndiyo iliyomtoa jasho. Ikabidi apunguze mzigo nusu, na Saumu alipouliza, akamwambia samaki wamekuwa haba. Uongo ulishaanza kuzaa.

Sasa, mama yake Saumu alikuwa mjane wa huko Kombewa, na Badru alikuwa amemwahidi mabati ya nyumba mpya. Watu wa Seme, Wajaluo wa upande huo wa Kombewa, wana heshima kubwa kati ya mkwe na mama mkwe. Hampeani mikono, hamkai karibu, hamli pamoja. Na mama mkwe kumtumikia mkwewe kwa mikono yake, hilo halitajwi. Badru, ingawa alizaliwa mjini, aliyajua hayo na kuyashika, maana alitaka sana yule mama amwone mtu wa maana.

Angeweza kupeleka mabati kwa safari mbili. Lakini alitaka aingie mara moja, aonekane. Akapakia yote pamoja na mbao, trela ikalala chini, akavaa kanzu nyeupe, akaondoka.

Kilima cha kabla ya Kombewa kilikuwa kimelowa mvua. Katikati injini ikahema, ikatetemeka, ikazima. Akaiwasha, ikazima tena. Mara ya tatu gari lilianza kurudi nyuma, naye akakanyaga breki mpaka goti likamuuma. Wanawake waliokuwa wakipanda kutoka sokoni wakaweka vikapu vyao chini.

"Kaa hapo hapo kwenye usukani, baba," mmoja alimwambia. "Sisi tutasukuma."

Wakasukuma. Badru aliwasikia nyuma wakihesabu kwa Kijaluo na kuteleza kwenye tope. Kufika juu akateremka haraka awashukuru, na kabla hajafungua mdomo akamwona mama mkwe wake katikati yao. Leso ilikuwa imemdondoka mabegani, tope limemfika viwikoni, na kifua kilikuwa kikipanda na kushuka. Alikuwa ameshageuza uso ili wasitazamane.

Jamani, haya zilimvaa Badru! Alisimama na kanzu yake safi, hana pa kuweka mikono. Hakuweza kumwomba radhi, maana hata hilo si la kusemwa ana kwa ana. Yule mama akamwambia mwenzake, kwa sauti ya kukosa pumzi, "Mwambie mkwe wangu mabati nimeyaona. Ahsante."

Badru akashusha mzigo, akakataa hata maji. Nyumbani Saumu aliuliza, "Mama umemwacha vipi?"

"Mzima," akajibu, akaenda kulala bila kula.

Asubuhi alitoka na nguo zake za Asembo, zile za kunuka, akaenda moja kwa moja gereji. Benchi lilikuwa limejaa, na Mzee Hemedi yupo. Badru akasimama mbele yao wote, masikio yakimwaka.

"Fundi, nilikudanganya. Mimi navuta samaki. Siku tano kwa juma, trela imejaa. Nifungie silinda nne."

Akangoja wacheke. Fundi alichukua spana, akafungua boneti. Wengine waliendelea na mazungumzo yao. Mzee Hemedi peke yake ndiye aliyeinua macho.

"Wale wa Asembo?" akauliza. "Basi kesho niletee watatu, mwanangu. Nimekuwa nikingoja uniuzie tangu mwaka jana."

Badru akaitikia vizuri, kisha akatoka nje, akaegemea trela tupu, mahali pale pale mama mkwe wake alipokuwa ameweka mikono, akalia.