Unga wa Chapati za Krismasi

Desemba ile nilijitolea kukusanya vyakula vya wahitaji wa jumuiya yetu ya kanisa, hapa Kware. Mwenyekiti wetu, mama mmoja asiyechoka, alinisifu mbele ya watu kwamba nina moyo. Moyo ninao, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta kisingizio. Mume wangu alikuwa ameachishwa kazi kiwandani, nauli ya kwenda kwetu magharibi ilikuwa imepanda kama kawaida yake, na mtu wa kwetu akibaki Nairobi Krismasi huulizwa maswali hata na watoto wa chekechea. Sasa nilikuwa na jibu: "Mwaka huu hatusafiri, tunahudumu."

Shule zilikuwa zimefungwa, nikamchukua binti yangu wa miaka minane ili ajifunze utu. Mimi nilibeba gunia, yeye akabeba daftari kwa kuwa mwandiko wake unasomeka kuliko wangu. Mwenyekiti alimpa maagizo mwenyewe: nyumba ambayo haisafiri kwa kukosa nauli, wala haina cha kupika sikukuu, aandike nambari ya mlango tu. Jina asiandike, mtu asije akaaibika.

Tukapanda ngazi, ghorofa baada ya ghorofa. Watu wa hapa wakijiandaa kwenda ocha, kwao mashambani, hugawa kila kitu kisichoweza kungoja Januari, kwa hiyo tulipewa nusu kabeji, sukari ya mwisho wa kopo, na nyanya ambazo zilishakata tamaa. Kila mlango nilimfinya binti yangu begani. "Sema asante." Akasema, hata kwa zile nyanya.

Mambo yaliniharibikia kwa jirani yetu wa mlango unaotazamana na wetu, mama anayeuza mitumba soko la Muthurwa. Alitoa pakiti mpya ya mchele, kisha akaniuliza, "Na yako, jirani, ushaweka?"

Hakuwa na ubaya. Ni mimi na kiburi changu tuliovuka korido, tukaingia ndani, tukatoka na unga wa ngano niliokuwa nimeuficha kabatini tangu Novemba kwa ajili ya chapati za Krismasi. Pakiti ilikuwa na tundu pembeni, nimeliziba kwa selotepu. "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri," nikatangaza, nikautumbukiza guniani.

Binti yangu aliukodolea macho.

"Mami, na chapati?"

"Mungu atatoa," nikamjibu, kwa sauti ya mtu asiyetaka swali la pili. Nilijuta kabla hata sijafunga gunia. Yeye alikaa kwenye ngazi, akaandika kitu daftarini, nami nikafurahi kwamba anapenda kazi.

Siku mbili kabla ya Krismasi, tukasikia hodi. Alikuwa jirani yule yule. Mwenyekiti alikuwa amemwomba asaidie kugawa, naye alikuja na mfuko mkononi na daftari letu kwapani. Akatazama nambari ya mlango, akatazama daftari, akanitazama mimi.

"Ni hapa kweli?"

"Mtoto amekosea," nikasema haraka. "Hiyo futa tu."

"Sijakosea," binti yangu akasema nyuma yangu. "Si tuliambiwa tuandike wenye hawaendi ocha juu hawana nauli? Si ni sisi?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Miezi yote ile ya kujikaza kisabuni, na kumbe siri yangu imezunguka jumuiya nzima kwa mwandiko mzuri niliokuwa nikijivunia. Jirani hakucheka. Alininyooshea mfuko tu. Chini kulikuwa na mchele wake, na juu, pakiti ya unga yenye selotepu pembeni.

Nilitaka kuukataa na nilitaka kuunyakua. Nikabaki nimesimama, mikono imenining'inia.

Vidole vidogo vikanifinya kiunoni.

"Mami, sema asante."