Chuma cha Mashimo Saba

Mume wangu Cuthbert haanzi na sura ya mtu, anaanza na kikaango chake. Tukialikwa harusi, mimi naulizia bibi harusi, yeye keshafika jikoni anagongagonga sufuria za wenyewe kwa kidole. Jamani, nimeishi naye miaka thelathini na moja, sijazoea.

Kazi yake hapa Chiungutwa ni kufufua vyombo vya chuma, vile vizito vya zamani vilivyotupwa nyuma ya nyumba vikaliwa na kutu. Alijifunza alipokuwa mpishi kule Lulindi. Anasugua kwa mchanga na gunzi la mahindi, anaosha, anakausha motoni, halafu anapaka mafuta ya ufuta, kidogo tu, kwa kitambaa, na kukifunika chombo juu ya makaa. Kikipoa anapaka tena. Mara tano, mara sita, mpaka chuma kinywe mafuta kiwe cheusi, ukikaanga yai linateleza lenyewe. Lakini kabla ya yote hayo, kila chombo kinachomwa kwanza mpaka kiwe chekundu. "Mama Gideoni," huniambia, "hujui chombo kimetoka kupika nini." Ndiyo sheria yake, na imenimalizia kuni zangu zote.

Mwaka jana akaivunja mwenyewe.

Alinunua chuma cha vitumbua huko Chilangala. Mashimo saba, kizito, cheusi tii, kinang'aa. "Huyu mwenyewe alikitunza!" akasema, akikigeuzageuza. Mvua ilikuwa inanyesha, kuni zimelowa, na yeye siku hiyo alishikwa na uvivu, nasema kweli. Akakifuta, akakipaka mafuta mara moja, akampelekea Mama Stamili. Mama Stamili anauza vitumbua kwa vijana wa bodaboda pale kijiweni. Chuma chake kilikuwa kimepasuka, na vitumbua ndivyo vinavyolisha nyumba yake.

Kitumbua cha kwanza alipewa Stamili, binti yake wa miaka sita. Kesho yake midomo ya mtoto ikavimba, ikajaa malengelenge.

Malengelenge ya namna ile hapa kwetu hatuulizi daktari. Mafuta ya maganda ya korosho, yale yanayobabua ngozi! Huko Chilangala walikuwa wanachomea korosho humo, na maganda yake. Ule weusi aliousifia mume wangu ulikuwa sumu tupu.

Mama Stamili alikuja na chuma kichwani. Hakutoa shikamoo. Akakibwaga uani, pu!

"Baba Gideoni, mwanangu hata uji hawezi kunywa. Wateja wameshasikia, wamenikimbia wote. Mimi nilikuamini."

Cuthbert aliinama akakiokota chuma. Nilimhurumia, na wakati huohuo nilitamani nimpige na mwiko. Uvivu wa siku moja, mtoto wa watu anateseka!

Akakipeleka chuma shambani, mbali na nyumba, moshi uelekee porini. Akakichoma siku mbili. Akasugua mpaka vidole vikachubuka, akakinywesha mafuta siku nne, mimi nikisimama juu yake nikihesabu mara ngapi amepaka. Kisha akaenda nacho kijiweni, akakaanga mwenyewe mbele ya watu, akala vitumbua vyote saba.

"Siwaambii mle," akasema. "Niangalieni tu midomo."

Basi, malengelenge yale huchelewa kutokea. Ikabidi asubuhi tatu mfululizo aende kusimama mbele ya Mama Stamili, amevuta mdomo wa chini kwa vidole, mzee mzima! Vijana wa bodaboda walicheka mpaka wakashika pikipiki wasianguke. "Baba, leo umepaka lipshaini?" Yeye haondoki mpaka aangaliwe.

Asubuhi ya nne nilimsindikiza. Mama Stamili alikuwa ameinama motoni, unga unachemka kwenye mashimo yote saba.

"Shikamoo, Baba Gideoni."

"Marahaba, mwanangu," akajibu.

Mama Stamili akaepua, akala kimoja mwenyewe, polepole. Vijana wakatazamana, hakuna aliyesogea. Stamili alikuwa kando yake, midomo imepona lakini bado ina alama nyekundu. Mara mkono wake huo kwenye sahani! Mama yake akaurukia ili aushike. Halafu mkono wa mama ukasimama hewani. Akamtazama mume wangu. Mume wangu hakuthubutu hata kutikisa kichwa, alikuwa anabana kile kitambaa chake cha mafuta.

Mama Stamili akaurudisha mkono wake mapajani.

Stamili akauma, akatafuna, akailamba midomo yake yote miwili.

"Mama," akasema, "nipe kingine."