Ndege Aliyekohoa Mbele ya Wazee

Shangazi yangu Nasambu hakusoma hata darasa moja, lakini kwa miaka mitatu alifanya kazi ambayo mzungu mwenyewe ilimshinda. Kazi yenyewe ilikuwa kupiga mbinja. Na kwetu Bungoma mwanamke hapigi mbinja, ni mwiko. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa anaita nyoka nyumbani. Ukiuliza nyoka anasikiaje na hana masikio, utaambiwa uende ukateke maji. Mimi niliuliza, nikateka mitungi miwili.

Shangazi aliolewa karibu na mto Kuywa. Mumewe alipofariki mwaka wa 1949, alimwacha mwanawe Mukhisa chini ya ulinzi wa shemeji yake, Mzee Barasa, akaenda Kitale kutafuta kibarua. Akapata kazi ya jikoni katika shamba moja njia ya kwenda Saboti. Mwenye shamba alikuwa mzee ambaye mahindi hayakumshughulisha hata kidogo. Kwao alikuwa amefundisha muziki, na huku kwetu alitaka kujua jambo moja tu: ndege anaimba kwa mpango kama sisi, au anapayuka tu? Wafanyakazi walimwita Bwana Masikio, kwa sababu alitembea shambani mkono ukiwa nyuma ya sikio, akikanyaga mboga zake mwenyewe.

Taabu yake ilikuwa kurumbizi, yule ndege mwenye kifua cha rangi ya chungwa na mstari mweupe juu ya jicho. Kurumbizi anaimba mbio. Kabla Bwana hajachonga penseli, wimbo umeisha. Basi siku moja akiwa amekata tamaa, akasikia wimbo ule ule ukitoka jikoni. Akaingia, akamkuta shangazi anasugua sufuria huku midomo imechongoka.

"Polepole!" Bwana akapiga kelele. "Fanya tena, polepole!"

Shangazi alidhani amefukuzwa kazi. Kumbe ndiyo amepandishwa cheo. Aliweza kuufumua wimbo wa ndege kama mtu anavyofumua sweta, uzi mmoja mmoja. Tangu siku hiyo aliacha sufuria. Kila asubuhi alikaa kwenye kigoda, akapiga kipande, Bwana akakijaribu kwa fidla yake, na shangazi akatikisa kichwa.

"Hapana, Bwana. Ndege amepanda, wewe umeshuka."

"Panda namna gani?"

"Kama mtu anayevuka mtaro na kikapu kichwani."

Naye Bwana akaandika. Daftari tisa zilijaa hivyo.

Mwaka wa 1952 Bwana akaja na jaribio jipya. Alitunga wimbo mfupi ambao haujawahi kuimbwa na kiumbe chochote, akampigia shangazi, akamwambia: "Wewe piga hii asubuhi yote karibu na kiota. Sawasawa kabisa! Hapana ongeza, hapana punguza." Alitaka kuona kama kurumbizi anaweza kufundishwa na mtu. Shangazi akapiga, wiki baada ya wiki. Kurumbizi wa Kitale wakamtazama tu kama wanafunzi wa Ijumaa jioni.

Ikafika Agosti. Kwetu vijana hutahiriwa mwaka unaogawanyika kwa mbili bila taabu, yaani 1948, 1950, 1952. Ukikosa mwaka wako, unangoja miwili. Mukhisa alikuwa amekosa wa 1950 kwa sababu ya matanga ya babaye kutokamilika, na sasa alikuwa na miaka kumi na sita, mrefu kuliko mlango. Vijana wa umri wake walikuwa wanaume tayari na walimtuma kuchunga ng'ombe. Alikuwa ameshazunguka kwa jamaa wote akipiga njuga zake na kuwaalika. Hata mimi nilikuja likizo kwa ajili yake, na shangazi akarudi kutoka Kitale.

Siku kumi kabla ya sherehe, Mzee Barasa akaja uani asubuhi bila kiatu kimoja.

"Nani anapiga mbinja nyuma ya nyumba ya mke wa ndugu yangu?"

"Ni ndege, shemeji," shangazi akasema.

"Ndege! Mimi nimezaliwa hapa, ndege za hapa nazijua zote. Hiyo si ya hapa. Ati ndege! Watu wa Kitale walishatuambia kazi unayofanya huko, sisi tukasema ni uongo."

Kisha akatoa neno lililomfanya Mukhisa aketi chini palepale: mtoto wa mama aliyevunja mwiko hapelekwi mtoni kupakwa matope ya tohara. Mama atakaswe kwanza, na mtoto angoje 1954.

Nilimfuata shangazi jikoni. "Shangazi, kweli ni ndege?"

"Leo ni ndege," akaninong'oneza. "Mwezi wa tano ilikuwa mimi."

Kumbe alipokuja likizo ya Mei aliogopa kuusahau wimbo wa Bwana, akawa anaamka mapema na kuupiga migombani, kwenye kichaka cha mwisho. Kurumbizi wa Kuywa, ambaye hakuna mtu aliyemtuma shule, akajifunza.

Wazee watano wakaamua kumsikiliza shahidi, yaani ndege mwenyewe. Kesho yake alfajiri walipanga viti mbele ya kichaka. Ili kuhakikisha, Mzee Barasa akamjaza shangazi maji mdomoni kwa kata, akamwambia akiyameza au akiyatema kesi imekwisha. Sisi wanawake tukakaa nyuma. Mukhisa alisimama kando, njuga ameziziba kwa viganja zisilie.

Tukangoja. Mzee mmoja akaanza kusinzia. Ndipo kurumbizi akatua kwenye tawi, akajitikisa, na akapiga wimbo wa Bwana Masikio, noti zote nane, safi. Kisha akakohoa.

Sitanii. Alikohoa: "Khoo, khoo... khrrm!"

Mzee Barasa akavua kofia. Wazee wote wakasimama, na aliyesinzia akasimama kabla hajaamka.

"Baba," Mzee Barasa akasema.

Marehemu babake alivuta kiko maisha yake yote na alikohoa hivyo hivyo, mara mbili fupi na moja ya kukwaruza. Maji yakamtoka shangazi puani.

"Anacheka!" mtu akasema.

"Analia," akasema Mama Peris, jirani yetu. "Si ni baba mkwe wake? Mwacheni mtoto wa watu alie."

Uamuzi ukatoka hapo hapo. Mzee amekuja kumwita mjukuu wake mtoni, kwa hiyo Mukhisa ataenda Jumamosi ya sherehe, tena atakuwa wa kwanza. Na mtu yeyote akigusa kichaka kile kwa panga, atakiona.

Jioni nilimwuliza shangazi habari za kikohozi.

"Bwana ana kiko," akasema. "Kila alipomaliza wimbo alikohoa. Si aliniambia nisipunguze kitu?"

Mambo yangeishia hapo kama si Kemboi, dereva wa shamba la Kitale, ambaye alikuja kumletea shangazi sukari ya sherehe. Alimsikia ndege, akageuza lori mbio. Jumanne akarudi na Bwana Masikio mwenyewe, hema, fidla na ramani.

Bwana alisimama mbele ya kichaka machozi yakimtiririka. Wimbo alioutunga bafuni kwake, umefika Kuywa! Kwa akili yake, kurumbizi wa Kitale waliusikia wakakaa kimya kwa ujanja, wakaupitisha kwa jirani zao, kichaka kwa kichaka, mpaka huku. Akatandaza ramani kwenye nyasi, akaanza kuichora mishale. Alisema atawaandikia wataalamu wenzake wote duniani.

"Na hii kohoa," akasema akijipiga kifua, "ni yangu!"

Kemboi akatafsiri. Mzee Barasa akashtuka. "Yake? Mwambie hiyo ni ya baba yangu. Ardhi wamechukua, sasa wanataka na kikohozi?"

"Yangu!" Bwana akasema, akakohoa ili kuthibitisha.

Mzee Barasa naye akakohoa kikohozi cha babake. Wazee wakainamisha vichwa kusikiliza. Bwana akakohoa tena, polepole, akionyesha kwa kidole mahali sauti inaposhuka. Mzee Barasa akamwambia amekosea hapo mwisho, marehemu alikuwa anakwaruza zaidi. Walikohoana hivyo mpaka Mama Peris akawaletea maji.

Ndipo Bwana akageuka.

"Nasambu. Mimi nauliza kama rafiki. Wewe iko fundisha hii ndege?"

Mukhisa alikuwa mlangoni, ametapakaa vumbi la safari nyingine ya kualika watu. Shangazi akisema ndiyo, mtoto anarudi kuchunga ng'ombe miaka miwili. Akisema hapana, ile mishale ya ramani inaenda Ulaya, na mtu aliyeyaamini masikio yake kwa daftari tisa anakuwa mwongo bila kujua.

"Bwana," akasema, "nitakujibu Jumamosi."

"Kwa nini Jumamosi?"

"Swali lako ni zito. Linataka siku nne."

Bwana akatazama uso wake muda mrefu. Kisha akakunja ramani, akapiga hema kando ya migomba, akangoja. Kwa siku nne hakuuliza tena. Alijifunza tu kukohoa kama marehemu, na Mzee Barasa alisema anaendelea vizuri.

Jumamosi alfajiri Mukhisa alirudi kutoka mtoni akiwa amepakwa matope, akasimama mbele ya watu wote, hakupepesa jicho. Vigelegele vilipolia, shangazi alikuwa ndani, kama ilivyo desturi ya mama. Alitoka jua likiwa limepanda, akaenda moja kwa moja hemani. Mimi nilimfuata hadi mlangoni.

"Ni mimi, Bwana. Mwezi wa tano. Asubuhi kumi na moja."

Bwana akaketi juu ya sanduku la fidla. Akaitoa ramani, akaichana vipande viwili, halafu vinne. Nilidhani atapiga kelele. Akauliza tu, "Kumi na moja? Si kumi na mbili?"

"Ya kumi na mbili ilinyesha."

Akachukua penseli.

Mwaka huu jarida la wataalamu wa ndege lilifika Kitale, na shangazi akaniletea nimsomee kwa kuwa sasa najua Kiingereza kiasi. Imeandikwa kwamba kurumbizi mmoja wa Kuywa alijifunza wimbo wa binadamu kwa asubuhi kumi na moja, akifundishwa na mchungaji mmoja wa ng'ombe, mwanamume mwenye sikio la ajabu. Shangazi mwenyewe ndiye aliyeomba iandikwe hivyo. Nilimwuliza kama mimi naweza kuandika ukweli. Akasema niandike, Mukhisa keshakuwa mtu mzima na hakuna mzee wa kumrudisha utotoni.

Kisha akanitaka nimsomee tena habari za yule mwanamume, polepole. Alisikiliza macho akiwa ameyafumba. Mwishowe akasema jamaa huyo anaonekana alikuwa fundi kweli, ila kusema ukweli alichelewa siku nne.