Hatua Arobaini za Barabara Kavu

Kazi iliyonipeleka Kolwezi, mji wa migodi ya kobalti, ilikuwa ya maji na vumbi. Niliazimwa kutoka mgodi mmoja wa kwetu, huku Kanda ya Ziwa, kwa miezi mitano, nikasimamie magari matatu ya kumwagilia barabara ya udongo inayotoka machimboni kwenda kiwandani. Barabara ile inapita katikati ya makazi ya watu, pembeni mwa mtaa wa Kasulo, na malori ya mawe yanapita juu yake tangu alfajiri. Kiangazi kikikolea, vumbi linaingia mpaka kwenye chungu kilichofunikwa. Asubuhi unapenga kamasi nyekundu.

Nilifikia mtaa wa Dilala, kwenye nyumba ya zamani ya kampuni ya madini, chumba kimoja na jiko. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, sina mume, sina mtoto, na kila mtu aliniita Mama. Wiki ya kwanza nilikasirika kweli kweli. Kwetu ningeitwa dada, tena kwa kubembelezwa. Nilimwambia mlinzi wa geti, "Mimi si mama wa mtu bado, jamani." Akanijibu kwa upole, "Ndiyo, Mama." Nikaacha kubishana.

Kiswahili changu walikiita Swahili bora, na waliposema hivyo walikuwa wanacheka. Aliyecheka zaidi ni mama mmoja aliyekuwa anauza maandazi kando ya barabara, mbele ya nyumba yake ya matofali. Kila asubuhi nilisimamisha gari kwake. Nikisema, "Naomba maandazi mawili, tafadhali," anawaita majirani waje wasikie. "Kuyeni musikie Mama wa Tanzania anaomba mandazi kama anasoma misa!" Nami nilimtania kwamba maandazi yake yana mchanga, akasema mchanga ni wangu mimi, mwenye barabara. Hapo alisema kweli.

Sasa, madereva wangu wawili hawakuwa na neno. Shida ilikuwa yule wa tatu. Mtu mzima, karibu miaka hamsini na mitano, mwembamba, nguo zake za kazi zimepigwa pasi. Wenzake walimwita Tata, yaani baba. Mimi nilimwita "dereva", kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa kwenye orodha, na sikuona ubaya.

Nilikuwa na tabia ya kufuata magari yale nyuma kwa pikapu, nikiangalia kama maji yanamwagika sawa. Nyuma ya dereva huyu nilikuta barabara imelowa vizuri, halafu ghafla, mbele ya nyumba ya mama wa maandazi, kipande kikavu. Baada ya hapo maji yanaendelea. Nilishuka nikapima kwa miguu: hatua arobaini. Kesho yake palepale, hatua arobaini. Tena akifika hapo alikuwa anapunguza mwendo na kulipeleka gari pembeni kabisa, matairi ya kushoto yanakanyaga majani.

Nilimngoja kwenye bwawa la kujazia maji.

"Kwa nini unafunga maji pale?"

"Pale hapana kumwanga, Mama."

"Kwa nini?"

Akavua kofia, akaitazama, akaivaa tena. "Pale hapana kumwanga."

Weee! Damu ilinichemka. Nimesoma, nimefanya kazi hii miaka saba, nimevuka mipaka miwili, halafu mtu ananijibu kama anamfukuza kuku jikoni. Nikamwambia kesho amwage. Akasema, "Ndiyo, Mama." Kesho hakumwaga.

Nikamwandikia barua ya onyo. Akaipokea kwa mikono miwili, akasaini, akaenda kazini, akaruka hatua zile arobaini. Baada ya siku kumi nikaandika ya pili. Utaratibu wa pale ulikuwa barua tatu na kwaheri, na kwa umri wake hakuna ambaye angemwajiri tena. Nililijua hilo. Wenzake wawili walinijia ofisini, wakasema Tata ni mtu muzuri, nimuvumilie. Nikawauliza, basi nielezeni kwa nini anafunga maji. Wakaangaliana, wakatoka. Nikaona wote wananichezea shere kwa kuwa ni mgeni na ni mwanamke. Nikaiandika barua ya tatu siku ya Jumatano, nikaiweka kwenye droo, niipeleke kwa mkuu wangu Jumatatu.

Lakini mimi nina ubaya mmoja: kushinda hakunitoshi, lazima mtu aone nimeshinda. Alhamisi nikapanda mwenyewe kwenye gari la maji, na dereva mwingine kwenye usukani. Yule Tata nikamwamuru aje nyuma kwa pikapu, aone kazi inavyofanywa. Tulipofika mbele ya nyumba ya mama wa maandazi, dereva aliondoa mkono wake kwenye swichi ya pampu. Nikaibonyeza mimi. Tukapita, tukageuza, tukapita tena. Mara tatu. Udongo ukawa tope.

Wanawake walianza kutoka majumbani. Walisimama mlangoni, mmoja mmoja, bila kusema kitu, mikono kichwani. Nikadhani wanashangaa maji, maana kwa wiki kadhaa walikuwa wanakula vumbi mbele ya milango yao. Nikawapungia mkono. Hakuna aliyenijibu. Mlinzi wa kampuni alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba zile na redio yake, akawa anatabasamu. Nikamwona Tata anashuka kwenye pikapu, anavua kofia, anakimbia. Mtu wa umri ule! Aliingia moja kwa moja ndani ya nyumba ya mama wa maandazi. Nikamwambia dereva wangu, "Mwone, anakwenda kujificha kwa aibu." Dereva hakucheka. Nilirudi Dilala nikala ugali wangu na sombe, kisamvu cha kule, nikalala vizuri. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nililala vizuri.

Ijumaa asubuhi nikasimama kununua maandazi kama kawaida. Karai halikuwa motoni. Yule mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, macho mekundu. Hakunitania. Alitazama huku na huku kuona kama mlinzi yupo, akasema, "Mama, kuya mu nyumba kidogo."

Niliingia. Sebuleni palikuwa na meza, viti viwili, na kalenda ya kanisa ukutani. Akafungua pazia la chumba cha pili. Hapakuwa na kitanda. Palikuwa na shimo, duara, upana wa mtu mmoja, na kamba imefungwa kwenye gogo lililolazwa juu ya mdomo wake. Hewa ya baridi ilikuwa inapanda kutoka chini. Nikasikia tok, tok, tok. Haikutoka chini yangu. Ilitoka upande wa mbele, upande wa barabara.

"Bwana yangu iko mule," akasema. "Na mudogo wa Tata. Na bengine batatu."

Nikakumbuka ni nani aliyebonyeza swichi ya pampu jana. Mimi!

Akaniambia kwamba mawe mazuri, yenye madini, yalielekea upande wa barabara, wakayafuata. Akaniambia kwamba jana maji yangu yalishuka kwenye paa la njia yao, udongo ukaanza kudondoka vipandevipande, na wanawake hawakuweza kupiga kelele mbele ya mlinzi. Walitoka kwa kuvutwa na kamba mmoja baada ya mwingine, na aliyevuta ni Tata, viganja vyake vimechunika. "Balitoka na matope mupaka ku meno," akasema. Halafu leo asubuhi wakarudi chini, kwa sababu ndiko kazi iliko.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Akuambie wewe? Wewe unaandikaka."

Ilikuwa kweli. Kila nilichoambiwa nilikiandika, na nilichokiandika kilifika kwa mkuu. Uchimbaji ule ulikuwa umepigwa marufuku. Tata alichagua kunyamaza mbele yangu, barua ya kwanza, barua ya pili, na angenyamaza mpaka ya tatu. Nilisikia aibu ya kutaka ardhi inimeze, halafu nikakumbuka nimesimama wapi.

Wakati huo lori la mawe likapita nje. Kikombe kikatetema mezani. Ile tok tok ikanyamaza. Lori likaenda zake, tok tok ikaanza upya.

"Na malori haya?" nikamuuliza.

"Banazoea. Bakisikia lori, banangoja. Likipita, banaendelea."

"Mama, hapa patabomoka. Hata bila maji yangu. Lazima niseme."

Akanishika mkono. "Usiandike. Ukiandika, batakuya na basoda na bunduki, batafukia shimo, batavunja nyumba. Tutaenda wapi na batoto? Usiandike, Mama. Mi nakuomba."

Mwisho wa wiki sikula wala sikutoka. Nilikuwa na mambo mawili kichwani na hayakukaa pamoja. Kazi yangu, hata kwenye kitambulisho ilikuwa imeandikwa, ilikuwa usalama na mazingira. Nikisema ukweli, watu wale wanafukuzwa makwao na Tata anafukuzwa kazi, pengine anafungwa. Nikinyamaza, wanabaki chini ya tani na tani za mawe.

Jumatatu niliichana barua ya tatu. Nikaandika nyingine, kwamba kipande kile kiliachwa kikavu kwa agizo langu mimi, kwa kuwa udongo wake ni laini, na kwamba barua mbili za onyo zifutwe. Nikaomba pia malori yapitishwe barabara ya juu. Mkuu wangu, mtu wa Kifaransa na makaratasi, aliisoma mara mbili.

"Ulimwadhibu mtu kwa kutii agizo lako?"

"Nilisahau kwamba niliagiza."

"Mara mbili?"

"Mara mbili."

"Na vipimo vya udongo laini viko wapi?"

Sikuwa na vipimo. Nilikuwa na sauti ya sururu chini ya barabara, na hiyo sikuweza kuiweka mezani. Naamini alijua kuna kitu. Kama angeniuliza mara moja zaidi, ningesema, nawaambia kweli, ilikuwa imeshafika mdomoni. Hakuuliza. Alifuta zile barua mbili, akakataa malori kuhama, na mkataba wangu, niliokuwa nautarajia uongezwe mwaka, ukaachwa uishe mwezi wa tisa. Hilo la mkataba halikuniumiza sana. Nilijiona nimelipa, na nikajiona mtu mwema.

Tata hakunishukuru. Ila kuanzia siku ile nilipomwita Tata kwa mara ya kwanza, alianza kunipa mkono kila asubuhi, kiganja kimefungwa kitambaa, na kuniuliza kama nililala muzuri. Siku yangu ya mwisho aliniomba nipande gari lake. Tulizunguka mizunguko yote tukiongea habari za baridi ya mwezi wa saba na bei ya unga. Tulipokaribia nyumba ile akapunguza mwendo, akalipeleka gari pembeni, akaondoa mkono wake.

"Funga, Mama," akasema.

Nikafunga. Mama wa maandazi alikuwa kwenye karai lake. Alinirushia andazi la moto dirishani, nikalidaka, likaniunguza, tukacheka wote watatu.

Nilirudi nyumbani. Mvua za kule zinaanza mwezi wa kumi, na mimi nikawa mtu wa kutazama mawingu ya kwetu na kumpigia Tata simu Kolwezi. "Mvua imeanza?" "Bado kidogo, Mama." Wiki nyingine, "Imeanza?" "Imeanza. Gari ya mayi imepaki. Tunapumzika." Nikiuliza, "Na pale?" alikuwa anasema, "Pale pangali." Nilikuwa naridhika na neno hilo mpaka wiki inayofuata.

Siku moja hakupokea. Nikapiga asubuhi, mchana, jioni. Kesho yake saa nne asubuhi akapokea, na kabla hajasema kitu nikasikia nyuma yake wanawake wengi wanaimba, taratibu, wimbo wa kanisa.

"Tuko ku kilio, Mama," akasema.

Akanieleza bila haraka, kama alivyokuwa anafanya kila kitu. Mvua ilipiga siku mbili. Lori la mawe lilipita, likafika salama kiwandani, na nyuma yake barabara ikatitia. Mudogo wake alikuwa amepanda juu kunywa chai. Wawili wakatolewa wazima. Bwana wa mama wa maandazi na mwingine mmoja hawakutolewa mpaka jioni.

Nikaomba kuzungumza na mama. Nilisikia simu ikipita mkono kwa mkono, nguo zikikwaruza, kuimba kukisogea karibu kisha kukienda mbali. Nilikuwa nimesimama uani kwetu na ndoo miguuni.

"Mama wa Tanzania," akasema. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Mama. Pole sana. Pole, mama yangu."

"Mi mwenyewe njo nilikuambia usiandike," akasema. "Mi njo nilikuambia."

"Nami nilikubali," nikamwambia.

Hakukata simu. Tulikaa hivyo, yeye kule na mimi huku, mpaka salio langu likaisha.