Ufa Nilioupaka Lakiri

Siku ile naikumbuka kuliko ninavyoikumbuka harusi yangu, mwanangu. Ilikuwa miaka ya sitini, bendera mpya haijapauka, nami ni kijana wa kukereza matendegu, yaani miguu ya vitanda, pale Wiyoni, chini ya Fundi Bakari. Kerezo lake lilikuwa la kukaa chini: nguzo mbili fupi za mkwaju, kila moja na ncha ya chuma. Mti hubanwa katikati ya ncha hizo, ukauzungusha kwa uta, na patasi ukaishika kwa mkono wa pili na kidole gumba cha mguu. Nguzo zile alizirithi kwa babu yake. Alizithamini kuliko alivyotuthamini sisi wanafunzi wake, na hakukosea.

Basi akaja karani mmoja kutoka bara, Bwana Mutiso, na kipande cha shaba ya manjano kilichotoka kwenye mashine mbovu ya mashua.

"Fundi, nikerezee mpini wa kalamu ya wino," aliniambia. "Ofisi nzima itautaka."

Akaniita fundi! Neno hilo lilinipanda kichwani. Nilipomweleza Fundi Bakari, alikataa hapo hapo. "Shaba ina kerezo lake, kiyana. Hili la mti, usilitese."

Wiki hiyo hiyo alikwenda matangani Mbwajumali, siku tatu. Mimi nikaitoa shaba. Shaba haikubali kubanwa kama mti. Ilinitoka mara mbili, basi nikachukua nyundo, nikaikita ncha izame zaidi ndani ya nguzo ili ishike. Chembe za moto zilinichoma vidole vya mguu nami nacheka. Kalamu ikatoka inang'aa, Bwana Mutiso akaichukua kwa furaha. Alipokwisha kwenda ndipo nilipouona ufa kwenye nguzo, mwembamba, umeanzia kwenye ncha ukateremka chini.

Wazee husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuziba, mwanangu, na kuuziba ndilo kosa langu. Tulikuwa na vijiti vya lakiri, ile tuliyokuwa tukitilia rangi matendegu. Niliyeyusha nyeusi, nikaujaza ufa, nikasugua kwa kitambaa na mafuta ya nazi hata mimi mwenyewe nisiuone. Nilijiambia nitasema atakapopumzika na safari.

Alirudi, akanywa kahawa, akakaa kazini. Nilikuwa nimesimama karibu naye, ningeweza kumshika bega. Uta haukwenda hata mara kumi. Nguzo ikapasuka, tendegu likaruka, likampiga jicho la kulia.

Jicho halikupona, na la pili likalifuata polepole. Nilikwenda kumtazama nimeazimia kusema. Alinitangulia yeye: "Ni mimi nisotezama chombo changu, mwanangu. Mato nilikuwa nayo, sikuyatumia." Nikamwacha ajilaumu. Akaniachia patasi zake zote, akasema hana mtu mwaminifu kama mimi.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu mimi ilikuwa ndefu, na niliitembea kwa miguu yangu. Kila Ramadhani ikikaribia watu huombana radhi, nami nilikwenda kwake kama wengine.

"Niwie radhi, fundi, kwa nilokukosea kwa kuyua na kutoyua."

"Nimekuwia radhi," hujibu, huku akiutafuta mkono wangu. "Ingawa wewe hukunikosea neno."

Nambusu mkono, natoka. Miaka kumi na mmoja nilifanya hivyo. Nilimwuliza shehe mmoja, bila kutaja majina, akaniambia haki ya mja husamehewa na mja mwenyewe, na mtu hawezi kusamehe asilolijua. Nikasema, basi, mwaka ujao nitamwambia.

Hakuufikia mwaka ujao. Kabla ya kuswaliwa, nduguye alisimama mbele ya jeneza, kama ilivyo desturi, akasema yeyote mwenye haki kwa marehemu na aseme, au amsamehe. Watu wakajibu, "Tumemsamehe." Na mimi nilijibu, mwanangu. Nilimsamehe mtu niliyempofua, kwa sauti, mbele ya mwili wake. Hakuna aliyeuliza ni nani ambaye marehemu alikuwa na haki kwake.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kiliniumbua kifo cha mwenzangu, na aliyeumbuliwa alijijua peke yake. Nimezaa, nimezeeka, nimetoa sadaka kwa jina lake, na hakuna siku niliyopata nafuu. Sitakudanganya kwamba dawa ipo, maana sijaiona.

Basi nisikilize. Ukiharibu cha mtu, nenda leo, na kosa ulitaje lenyewe. Usijifiche katika radhi ya jumla ambayo kila mtu humwomba kila mtu. Usimngoje apumzike, usingoje mfungo wala Idi. Na ukimsikia anajilaumu kwa kosa lako, mkatize, hata kama yu mgonjwa. Pengine atakufukuza, pengine atakulaani. Hayo yana mwisho, nami ningeyataka.

Mola akupe ulimi mwepesi wa kukiri, mwanangu, na akujaalie kila uliyemkosea umkute angali hai. Nami niliyechelewa, niombee. Amina.